Namna ya kufanya mazoezi ya imla ya hatimkato yenye majina na namba nyingi

Soma hizi mbili kwa sauti, haraka haraka: tisini na sita, sitini na tisa. Rudia mara tano bila kupumzika. Ukifika mara ya nne ulimi umeshaanza kujikwaa. Basi kama ulimi unajikwaa huku macho yanaona maneno, sikio lisiloona kitu litafanyaje, tena mkono ukiwa unakimbizana na msomaji wa imla kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika?

Mimi nilianguka hapo hapo. Mtihani wangu wa kwanza wa hatimkato, yaani mwandiko wa alama fupi za kuandikia usemi kwa haraka, niliandika vizuri karibu maneno yote ya kawaida, hata yale marefu ya kiofisi niliyokuwa nikiyaogopa. Kisha wajumbe 96 nikawafanya 69, Bibi Salma nikamgeuza Salimu kuanzia aya ya pili hadi mwisho, na laki moja ikapotelea njiani. Jina lile lilitajwa mara sita, nami nililikosea mara sita.

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichonipata. Neno la kawaida lina jirani wa kulitetea. Ukiandika ovyo alama ya "kikao", sentensi "Mwenyekiti aliahirisha … hadi wiki ijayo" itakurudishia neno lako. Lakini "Wajumbe … walihudhuria" haikusaidii chochote, maana 96 inakaa pale na 69 inakaa pale. Majina ni hivyo hivyo, na Kiswahili chenyewe hakitoi msaada: "alisema" haikuambii kama aliyesema ni mwanamume au mwanamke. Ndiyo maana majina na namba yanataka mazoezi yake. Ukiandika imla za kawaida kila siku ukitumaini namba zitanyooka zenyewe, utasubiri sana. Mimi nilisubiri miezi.

Hatua ya 1: Yajue makosa yako kabla ya kuongeza kasi

Chukua imla kumi za mwisho ulizoandika. Usisahihishe maneno mengine, toa majina na namba ulizokosea tu, uzipange katika safu mbili: kilichosomwa, na ulichoandika. Halafu rudi kwenye daftari la hatimkato uangalie kosa lilizaliwa wapi.

Kuna kosa la sikio: alisema sita, ukasikia tisa. Kuna kosa la mkono: ulisikia sawasawa lakini mchoro ukatoka mbovu, au 1 ikawa kama 7. Na kuna kosa la macho: mchoro ni sahihi kabisa, ila wakati wa kuurudisha kwenye maandishi ya kawaida uliusoma vingine. Watu wengi hujilaumu kwa masikio kumbe shida iko kwenye mkono. Mimi nilijilaumu kwa kasi, na zaidi ya nusu ya makosa yangu yalikuwa ya macho. Dawa ya haya matatu si moja, kwa hiyo usiruke hatua hii hata kama inachosha.

Hatua ya 2: Chagua alama za namba, kisha usizibadilishe

Kiswahili kina tabia moja ambayo mwandishi wa hatimkato anapaswa kuishukuru: kinataja ukubwa kwanza, tarakimu baadaye. Tunasema elfu tatu, laki nne, milioni tano. Ukisikia tu "milioni" unajua aina ya namba inayokuja kabla hujasikia hata tarakimu moja. Basi andika kwa mpangilio huo huo unaousikia. Usihangaike kupanga sifuri katikati ya imla, sifuri utazipanga baadaye ukiwa umetulia.

Alama ninazotumia ni hizi: B kwa bilioni, M kwa milioni, L kwa laki, e ndogo kwa elfu. Mia naiwekea kistari kifupi baada ya tarakimu yake. Hapo ndipo ninapovunja kanuni yangu ya kufuata sikio, kwa sababu kistari kikikaa baada ya tarakimu kinatenganisha mia na kinachofuata. Angalia:

milioni tatu, laki nne na elfu sitini: M3 L4 e60, yaani 3,460,000
elfu kumi na nne mia tatu na ishirini: e14 3–20, yaani 14,320
mia nne na nne: 4–4, yaani 404
mia nne arobaini na nne: 4–44, yaani 444
laki mbili na nusu: L2½, yaani 250,000
asilimia sita nukta tano: %6.5

Mia usiipe herufi m. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa kuwa ndiyo herufi yake ya kwanza, halafu siku ya kurudisha maandishi hawajui kama 3m ni mia tatu au milioni tatu. Asilimia nayo iandike pale unapoisikia, kabla ya namba, hata kama jicho limezoea kuiona nyuma. Ukiishikilia kichwani mpaka namba iishe, mara nyingi utaisahau.

Tarakimu iliyosimama peke yake ina hatari zake kulingana na mfumo wako wa hatimkato, kwa mfano Pitman au Gregg. Katika Pitman, 1 inafanana na mstari wa wima wa T. Katika Gregg, sifuri inafanana na duara kubwa la a. Kwa hiyo moja ikiwa peke yake iandike kwa hatimkato kama neno, na sifuri ipige mstari katikati. Namba yenye tarakimu mbili na kuendelea haina shida hiyo, maana inaonekana wazi kuwa ni namba.

Kuna jambo nililochelewa kuligundua. "Elfu kumi na nne mia tatu na ishirini" ni maneno manane. Kwa kasi ya 100 kwa dakika msomaji anatumia karibu sekunde tano kuyatamka, na wewe umeandika alama saba ndogo tu. Namba ndefu ni mahali pa kupumzikia! Wanafunzi huziogopa kwa sababu ya urefu wake, lakini kinachostahili kuogopwa ni zile fupi: "sita", "nane", "saba", zinazopita kama nzi katikati ya sentensi wakati mkono bado unamalizia neno la nyuma.

"Na" inayodanganya

Hapa panahitaji utulivu. "Elfu ishirini na tano" ni 25,000 au 20,005? Kimaandishi inaweza kuwa yoyote. Katika mazungumzo ya kawaida karibu kila mtu atakuwa na maana ya 25,000, na msomaji mwangalifu atasema "ishirini na tano elfu" ili kuondoa utata. "Laki moja na ishirini" ni mbaya zaidi: wapo wanaokusudia 120,000, na kwa hesabu kamili ni 100,020.

Huwezi kuamua hayo huku imla inaendelea. Unachoweza ni kuandika kile sikio lilichosikia pamoja na pumziko lake. Msomaji akisema "elfu ishirini" akatua kidogo ndipo akasema "na tano", andika e20 kisha alama ya kujumlisha kisha 5. Akiunganisha bila kutua, andika e25. Kwa laki, andika L1+20 na uiache hivyo. Wakati wa kurudisha, sentensi nzima itakuambia: kama aya inataja michango ya laki na maelfu yaliyokamilika, basi 100,020 haiwezekani sana.

Miaka nayo ina mtego wake. "Elfu mbili na nane" ni 2008, "elfu mbili na kumi na nane" ni 2018. Tofauti ni "kumi" moja iliyomezwa. Fanya zoezi la miaka peke yake, kuanzia elfu mbili na moja hadi elfu mbili na kumi na tisa, ikiwa imechanganywa, mpaka usikose.

Saa ziandike kama zinavyotamkwa. "Saa nne kasorobo" inakuwa 4 k¼. Usianze kutoa dakika kichwani kutafuta 3:45, na usijaribu kamwe kuhamisha saa za Kiswahili kwenda saa za Kiingereza ukiwa unaandika. Kuhusu namba za kumbukumbu za barua, "mkwaju" ni mstari wa mshazari (/), "nukta" ni nukta. Chora alama yenyewe badala ya kuandika neno. Namba za simu na za stakabadhi zinasomwa tarakimu moja moja, kwa hiyo ziandike kwa mafungu ya tatu tatu ukiacha nafasi kati ya fungu na fungu. Ukikosa tarakimu moja utajua ni katika fungu lipi.

Hatua ya 3: Kadi za mapacha

Kata vipande 40 vya karatasi. Katika kila kimoja andika namba moja kwa maneno, na uchague zile zinazochanganya: sita na tisa, sitini na tisini, sabini na sitini, nne na nane, 69 na 96, 66 na 99, 67 na 97, 404 na 440, 2008 na 2018, 60,900 na 90,600. Changanya vipande, mpe mwenzako avisome bila kupumzika, wewe andika. Dakika tano zinatosha.

Kama huna mtu wa kukusomea, jirekodi kwa simu. Tatizo la kujirekodi ni kwamba sikio linakumbuka. Dawa yake ni kurekodi mafungu sita au saba kwa siku moja, kila mara ukiwa umechanganya kadi upya, kisha usiyaguse kwa siku tatu nne. Ukirudi, hutakumbuka kitu.

Jambo la kumwambia mwenzako mapema: asikuhurumie. Karibu kila anayesomea rafiki yake hupunguza mwendo akifika kwenye namba, na hutamka "ti-si-ni" kwa kukata kila silabi kama anamfundisha mtoto. Unafurahia zoezi, unapata zote, halafu kwenye mtihani msomaji anapita bila hata kukutazama. Asome namba kwa mwendo ule ule wa maneno mengine. Na mara moja moja mtafute mtu mwenye sauti tofauti na uliyoizoea, hasa anayezungumza taratibu kwa sauti nzito, maana "s" na "t" hupotea zaidi huko.

Hatua ya 4: Majina

Kwenye majina, mfumo unaotumia ndio unaoamua ugonjwa wako. Mfumo wa Isaac Pitman, uliotoka mwaka 1837, huandika konsonanti kwa mistari na kuweka irabu pembeni kama nukta na vistari. Mwendo ukipanda, irabu ndizo za kwanza kuachwa. Teeline ya James Hill, iliyotoka mwaka 1968, nayo huacha irabu nyingi. Gregg ya mwaka 1888 huziunganisha irabu ndani ya mchoro kwa viduara, lakini tofauti ya a na e ni ukubwa wa kiduara tu, na mkono ukichoka viduara vyote huwa saizi moja.

Sasa chukua S, L, M bila irabu. Umepata Salma, Salama, Salimu, Selemu. Chukua M na N: Amani, Amina, Amini, Imani. Kwa neno la kawaida upungufu huo si tatizo, maana muktadha unajaza. Kwa jina hakuna wa kujaza.

Kanuni ninayoifuata ni hii: jina likitajwa mara ya kwanza, liwekee irabu tatu hata kama utabaki nyuma maneno mawili. Irabu ya mwanzo kama jina linaanza na irabu, irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu ya mwisho. Silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo yenye mkazo katika Kiswahili, kwa hiyo sikio linaipata bila shida. Jaribu kwa yale majina ya juu. Amina ina a mwanzoni, i kwenye mkazo, a mwishoni. Amani ina a, a, i. Amini ina a, i, i. Imani ina i, a, i. Yote manne yameachana. Salma na Salama zinatofautiana kwa mahali a ya mkazo inapokaa: kabla ya L au baada yake. Irabu ya mwisho peke yake inatenganisha Saidi na Saida, Rashidi na Rashida, Hamisi na Hamisa.

Wanaotumia Pitman wana mzigo wa ziada wa mstari mwembamba na mnene. Tina akinenepeshwa kidogo anakuwa Dina. Kama penseli yako imeisha ncha, tofauti hiyo haipo. Chonga penseli mbili kabla ya kila zoezi, au tumia kalamu inayokubali kunenepa.

Halafu kuna majina ambayo pia ni maneno: Amani, Neema, Baraka, Zawadi, Subira, Furaha. "Zawadi ilipokewa" na "Zawadi alipokewa" ni mambo mawili tofauti kabisa, na tofauti yenyewe imejificha kwenye kiambishi kimoja ambacho mkono wenye haraka huwa unakilegeza. Katika Pitman na Gregg, vistari viwili vidogo chini ya mchoro huonyesha kuwa ni jina la mtu au mahali. Vitumie bila uvivu. Aliye na jina la Tatu anakuletea matatizo mara mbili: bila vistari, utakaporudisha unaweza kuandika 3.

Jina likirudiwa huna haja ya kuliandika lote tena. Herufi ya kwanza na irabu ya mwisho inatosha: S-a kwa Salma, S-u kwa Salimu. Hapo ndipo nilipopotea kwenye ule mtihani; nilikuwa nikiandika S peke yake, nikidhani nitakumbuka ni S gani. Kama majina mawili yana herufi hizo zote sawa, yape namba pambizoni yanapotajwa mara ya kwanza, kisha tumia namba hiyo ndani ya duara. Bwana, Bibi, Daktari na Mheshimiwa usiviache. Ni sehemu ya imla, na mara nyingi Bwana au Bibi ndicho kitu pekee kinachokuambia kama S-l-m yako ni mwanamke au mwanamume.

Majina ya nchi yana mapacha wake pia: Uswisi na Uswidi, Zambia na Gambia, Austria na Australia, Iran na Iraki, Slovakia na Slovenia, Mali na Malawi. Tengeneza kadi zake kama ulivyofanya kwa namba. Kwa majina ya kigeni usiyoyajua, njia nzuri niliyoipata ni kusikiliza taarifa ya habari ya kimataifa ukiwa na daftari, ukiandika majina tu na kuacha mengine yote yapite. Baada ya hapo tafuta tahajia zake sahihi. Jina la kigeni lililoandikwa kwa kusikia tu lina kawaida ya kuota irabu mwishoni.

Msomaji akitaja tahajia ya jina herufi kwa herufi, achana na hatimkato kwa muda huo, andika herufi za kawaida. Na uliza mapema utaratibu wa mtihani wako: je, majina magumu hutolewa kwenye orodha kabla ya imla kuanza? Kama hutolewa, mazoezi yako yaelekee kwenye majina ya kawaida yanayofanana, maana hayo hayatakuwa kwenye orodha.

Hatua ya 5: Imla iliyojaa mitego

Kadi zimekufundisha kitu kimoja kimoja. Sasa virudishe ndani ya sentensi, lakini kwa wingi kuliko utakavyokutana navyo kwenye mtihani. Tunga mwenyewe au mwombe mwenzako atunge. Hesabu maneno kama yanavyotamkwa, si kama yanavyoandikwa kwa tarakimu, na weka mkwaju kila baada ya maneno 25. Huu ni mfano wa maneno 75:

"Mwenyekiti alifungua kikao saa nne kasorobo asubuhi akiwa na wajumbe tisini na sita. Katibu, Bibi Salma, alisoma kwanza taarifa ya mwaka elfu mbili na nane. / Alisema michango ya wanachama ilifika laki tisa na elfu sitini, lakini Bwana Salimu alipinga akidai kitabu cha fedha kinaonyesha laki sita na elfu tisini tu. / Baada ya mabishano, Amani na Amina walipewa siku kumi na saba kukagua stakabadhi mia nne arobaini na nne, kuanzia ile yenye namba sifuri sita tisa. /"

Namba nane na majina manne ndani ya maneno 75. Msomaji aweke saa yenye sekunde mbele yake: kwa kasi ya 60, kila mkwaju ufikiwe baada ya sekunde 25, kwa 80, karibu sekunde 19, kwa 100, sekunde 15, kwa 120, sekunde 12 na nusu. Asikimbie mwanzoni kisha akasubiri kwenye mkwaju, mwendo uwe sawa muda wote.

Kwa imla ya namna hii anza kasi ya chini kuliko uliyozoea. Anayeandika 100 aanze na 80, na asione aibu. Lengo la mara ya kwanza ni kupata kila jina na kila namba hata kama maneno ya kawaida yametoboka toboka. Mara ya pili jaza matundu. Mara ya tatu panda kwa kasi ya 10. Ukishaandika aya ile ile bila kosa kwa kasi ya mtihani, iandike mara moja kwa kasi ya 10 zaidi, kisha uitupe. Aya uliyoikariri haikufundishi tena kusikiliza.

Kuna swali ambalo kila mwanafunzi huuliza: nibaki nyuma ya msomaji kwa maneno mangapi? Kwa maneno ya kawaida, matatu manne si kitu, wengine hubaki nyuma zaidi na wanaandika vizuri. Kwa namba ni tofauti. Namba haikai kichwani pamoja na kitu kingine. Ukiibeba huku unamalizia neno la nyuma, kimoja kitaanguka. Kwa hiyo ukisikia namba na bado una deni la maneno mawili, acha nafasi ya deni hilo, iandike namba kwanza, kisha rudi. Maneno yale mawili utayapata kwa maana ya sentensi. Namba ukiikosa imeenda. Mbinu hii ina ugumu wake mwanzoni, mkono unakataa kuruka, lakini baada ya wiki mbili za dakika kumi kwa siku utaona unaruka bila kufikiri.

Hatua ya 6: Kurudisha kwenye maandishi ya kawaida

Kabla hujaandika sentensi hata moja, pitia daftari lote kwa kalamu ya rangi nyingine na ushughulikie namba peke yake. Juu ya kila M3 L4 e60 andika 3,460,000. Fanya hivyo mara tu imla inapoisha, wakati sauti ya msomaji bado iko masikioni. Halafu pitia majina. Ndipo uanze kuandika aya.

Tumia hesabu kujihakiki pale inapowezekana. Kama imla inasema walihudhuria wanaume 40 na wanawake 56, jumla yake wajumbe 96, basi 69 yako imejifichua yenyewe. Usiitegemee mno njia hii, na usibadilishe namba uliyoisikia wazi eti kwa sababu hesabu haikubali. Anayetunga imla si lazima awe ameijumlisha. Itumie pale tu mchoro wako wenyewe una shaka.

Ukibaki na jina ambalo huwezi kuliamua kati ya mawili, tafuta mahali pengine lilipotajwa kwenye daftari. Mara nyingi moja ya mara hizo mkono ulitulia na irabu iko pale. Chagua umbo moja, ulitumie hadi mwisho. Kuandika Salma aya ya kwanza na Salimu aya ya tatu kwa mtu yule yule ni kumwonyesha msahihishaji kwamba hukujua, hata pale ulipopatia.

Na namba uliyoikosa kabisa? Acha nafasi, maliza kazi yote, kisha urudi na usome sentensi kwa sauti ya chini kwa mwendo wa msomaji. Mara nyingine sikio hukumbuka mdundo: ilikuwa na silabi ngapi, iliishia na "-ni" au "-ta". Kama ilikuwa na silabi tatu na kuishia na "-ni", ni hamsini, sitini, sabini au tisini. Angalia mchoro tena ukiwa na hizo nne tu kichwani.